Kabla Fundi Hajaitwa Mkandarasi

Ukipita Buswelu, Buhongwa au Kisesa hapa Mwanza siku yoyote ya juma utakuta saiti za namna mbili. Moja imezungushiwa mabati, na mbele yake limesimama bango lenye jina la mwenye mradi, la mshauri na la mkandarasi. Nyingine ni boma tupu, mirunda imeegemezwa ukutani, vijana watano wanachanganya zege chini, na fundi mmoja yuko juu ya jukwaa anapiga pima maji. Hiyo ya pili haina bango, lakini mara nyingi kuta zake zimenyooka kuliko za jirani. Makala haya namwandikia fundi huyo wa juu ya jukwaa. Amejenga nyumba za watu miaka mingi, jina lake linajulikana mtaani, na amechoka kuona kazi za shule na zahanati zikienda kwa kampuni ambazo baadaye humpigia simu yeye huyo huyo aje awajengee kwa bei ya kutupa.

Ushauri wangu wa kwanza hauhusu fomu. Kabla hujalipia jina la kampuni, tafuta mtu. Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya 1997, ambayo ndiyo iliyounda Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, haimsajili fundi kwa kuwa ana mkono mzuri. Inasajili biashara ambayo ndani yake, miongoni mwa wenyewe, yumo mtu mwenye taaluma ya ujenzi anayeweza kuulizwa na akajibu. Pale ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilipoporomoka tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, na lile la Kariakoo lilipoanguka Novemba 2024, hakuna aliyeuliza tofali zilipangwa na nani. Watu waliuliza kazi ilikuwa chini ya nani. Kulipia leseni ni kukubali kwamba siku moja swali hilo linaweza kuletwa kwako, na kwamba utakuwa na jibu lenye saini.

Kwa hiyo, kama wewe ni fundi wa vitendo usiye na stashahada wala shahada, unahitaji mwenzako aliyenayo. Madaraja ya chini ya usajili hupokea mafundi sanifu. Kadiri daraja linavyopanda ndivyo Bodi inavyotaka mhandisi, mbunifu majengo au mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa na bodi ya taaluma yake, yaani ERB kwa wahandisi na AQRB kwa wabunifu na wakadiriaji. Watu hao hawakosekani. Kila mwaka Chuo Kikuu Ardhi, DIT, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na Chuo cha Ufundi Arusha humwaga vijana mtaani, na wengi wao wanarudi nyumbani Kanda ya Ziwa na bahasha ya vyeti na hawana saiti ya kwenda. Wewe una saiti lakini huna cheti. Ndoa ya namna hii ina maana, mradi ifungwe hadharani.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Njia iliyozoeleka ni kuazima vyeti: unamlipa mhandisi kitu kidogo, anakupa nakala za vyeti vyake, jina lake linaandikwa kwenye fomu, halafu haonekani tena. Njia hiyo ni rahisi mpaka siku mkaguzi anapofika saiti akaomba kuzungumza na mtaalamu wa kampuni, au mpaka mwenye vyeti anapopata ajira Dodoma na kuandika barua ya kujitoa, nawe umebaki na mkataba mkononi usio na mtu wa kuusimamia. Ubaya mwingine hautajwi sana. Mhandisi uliyemwazima hajui kinachoendelea kwenye kazi yako, lakini anajua kwamba una siri. Mwaka wa pili bei ya vyeti itapanda.

Mkaribishe ndani badala ya kumwazima. Mpe hisa za kweli, zisajiliwe BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, na andikeni makubaliano yanayosema nani anasaini benki, nani anakaa saiti siku ngapi kwa wiki, faida inagawanywa lini, na mmoja akitaka kuondoka atoe notisi ya muda gani ili mwingine apate mbadala na kuitaarifu Bodi. Wakili wa Mwanza ataiandika karatasi hiyo kwa siku moja. Najua kuna wanaoona aibu kudai maandishi kwa mtu waliyesoma naye au aliyemwoa dada yao. Shemeji ndiye anayehitaji maandishi kuliko mgeni, maana ugomvi wake hauishii ofisini.

Onyo moja kuhusu mtumishi wa halmashauri. Utampata mtu wa idara ya ujenzi, mpole, mwenye vyeti safi, atakayekwambia, "Fundi, tutumie vyangu, mimi nitakusaidia na vibali." Mshukuru, kisha endelea kutafuta. Anayekagua kazi hawezi kuwa mwenye kazi, na siku jambo likibumburuka yeye ana mwajiri wa kumtetea na wewe huna.

Na wewe mwenyewe usibaki mikono mitupu. VETA, ambayo ina chuo chake Nyakato, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa kwa kazi ya mikono na maswali, upungufu unafundishwa, na unapewa cheti cha fundi mchundo. Hakikufanyi mhandisi, lakini kinakufanya uhesabike ndani ya kampuni yako mwenyewe, ili karatasini usiwe mwenye pesa tu.

Sasa daraja. CRB inawagawa makandarasi kwa aina ya kazi: majengo, kazi za kihandisi kama barabara na madaraja, umeme, mitambo, na makandarasi maalum kama wachimba visima. Majengo yana madaraja saba. La kwanza halina ukomo wa thamani ya kazi; mengine kila moja lina kikomo chake, na la saba ndilo mlango wa kuingilia. Anza na la saba hata kama mwenzako ana shahada na mjomba wako ameahidi kukuazima katapila. Daraja la juu linataka vifaa vingi, wataalamu wengi na ada kubwa ya kila mwaka, na ada hiyo haiulizi kama mwaka huu ulipata kazi. Wengi wanaofutwa kwenye daftari la Bodi hawakubomokewa na jengo. Hawakulipa ada.

Makaratasi yenyewe nayapitia haraka kwa kuwa ndiyo rahisi. Sajili kampuni au jina la biashara BRELA, kwenye mtandao, na hakikisha shughuli ya ujenzi imeandikwa wazi kwenye malengo ya kampuni, isiwe imefichwa kati ya "biashara ya jumla" na "uagizaji bidhaa". Pata TIN ya kampuni kutoka TRA, leseni ya biashara, akaunti ya benki ya kampuni na ofisi yenye mlango. Andaa orodha ya vifaa pamoja na hati zake. Mashine ya kuchanganyia zege, vaibreta, pikipiki ya matairi matatu, gari: kama kadi ina jina lako binafsi au la kaka yako, lihamishe liwe la kampuni kabla ya kuomba, maana Bodi inaweza kuja kuhakiki na kifaa cha kuazima kinajulikana. Baadaye utahitaji pia NSSF, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara, sehemu ya mwajiri na ya mwajiriwa zikijumlishwa; Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao kwa mwajiri ni asilimia 0.5 ya mishahara; na usajili wa eneo la kazi OSHA, wakala wa usalama kazini. Fundi aliyezoea kulipa vibarua jioni kwa mkono huona haya kama kero. Saidia fundi akianguka kutoka jukwaani ghorofa ya pili pale Isamilo, utaelewa kwa nini asilimia nusu ni bei nafuu kuliko kuuza kiwanja.

Ofisi ya CRB ya Kanda ya Ziwa ipo hapa hapa Mwanza. Nenda mwenyewe, uliza viwango vya ada na vikomo vya madaraja vya mwaka huu, maana hurekebishwa, wala usitegemee karatasi aliyokupa mtu wa steshenari. Na ukiona mtu nje ya ofisi yoyote anakuahidi "kukusukumia faili", kumbuka kwamba faili lako litakuwa na jina lako, si lake.

Wakati unasubiri, usiache kazi. Tangu serikali ilipoanza kujenga madarasa kwa force akaunti, ambapo shule au halmashauri inanunua vifaa na kuingia mkataba wa ufundi na mafundi wa eneo hilo, mafundi wengi wa Misungwi, Magu na Sengerema wamesaini mikataba yao ya kwanza ya umma bila kuwa makandarasi. Makandarasi wanaulalamikia mfumo huo, na wana sababu. Lakini kwa fundi anayejiandaa ni shule ya bure: unajifunza kusoma mkataba, kusaini vipimo, kusubiri malipo ya awamu. Tunza kila karatasi. Omba barua ya kukamilisha kazi siku ile ile unapokabidhi, mkuu wa shule akiwa bado anafurahi.

Ukishasajiliwa, zabuni za umma ziko kwenye mfumo wa NeST, ulioanza kutumika 2023. Jisajili humo mapema na weka taarifa zako sawa, kwa sababu mfumo hautasubiri hadi urudi mjini ukaskani cheti cha kodi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na kanuni zake zinakupa nafasi mbili ambazo watu wa daraja la saba hawazitumii vya kutosha. Ya kwanza: kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 ni za wazawa. Ya pili: taasisi za umma zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalum ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kama wewe na mwenzako ni vijana, au kama kampuni ni ya wanawake, ulizeni masharti ya kusajiliwa kwa njia hiyo kabla hamjaanza kugombania zabuni za jumla na kampuni zenye miaka ishirini.

Msifikiri hata hivyo kwamba kandarasi kubwa za mkoa huu ndizo za kuota. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na ushei, lilijengwa na kampuni za Kichina na kuzinduliwa Juni 2025. Reli ya kisasa kutoka Isaka kuja Mwanza iko kwa Wachina vilevile. Mkate wa daraja la saba uko kwingine: vyoo vya shule Ukerewe, uzio wa kituo cha afya, ukarabati wa nyumba ya mwalimu, mitaro. Ni kazi ndogo zenye faida ndogo, na ndizo zinazozalisha barua za uzoefu.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu Mwanza inaua makandarasi wapya kwa namna yake. Mtu wa Dar es Salaam au Dodoma anakadiria kazi kwenye ardhi tambarare. Sisi tuna mawe. Mlima Mabatini, Igogo, Kilimahewa, Nyakabungo: viwanja vimekaa kati ya majabali, gari linaishia chini, na vifaa vinapanda kwa vichwa. Chukua jamvi la nyumba ya kawaida, mita 10 kwa 8, unene wa sentimita 10. Hizo ni meta za ujazo 8 za zege. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, kila meta ya ujazo inakula mifuko sita na nusu ya saruji hivi, kwa hiyo mifuko 50 na ushei. Kokoto ni karibu meta 7, mchanga meta tatu na nusu. Ukipiga uzito, kokoto ni zaidi ya tani 10, mchanga tani 5 na nusu, saruji tani 2 na nusu. Ongeza maji, lita 1,500 hivi, ambazo ni ndoo 75 za lita ishirini. Karibu tani 20 zinapanda mlima, kwa jamvi peke yake, kabla hujagusa tofali.

Sasa fungua BOQ, yaani orodha ya vipimo na bei, ya kazi hiyo. Kuna mstari wa zege, kwa meta ya ujazo. Ukiweka bei uliyoizoea Nyegezi, umeshapata hasara kabla ya kusaini. Wabebaji wanalipwa kwa mfuko na kwa ndoo, nao wanajua mlima una ngazi ngapi. Tembelea saiti kabla ya kujaza bei. Panda kwa miguu mpaka kwenye kiwanja, uliza majirani walibebewa kwa bei gani, na angalia kama kuna maji karibu au utanunua kwa boza na kupandisha kwa madumu. Halafu angalia jiwe lenyewe. Msingi ukikuta jabali katikati ya chumba, je, mkataba una mstari wa kupasua mwamba, au umeandikwa "kuchimba msingi" tu? Kama hamna mstari huo, uliza kwa maandishi wakati wa zabuni. Swali lililoulizwa kabla ya zabuni kufungwa hujibiwa. Lile la baada ya kusaini linakuwa ombi.

Ufukweni hali ni nyingine. Wateja wenye hela wanapenda maji. Watakuita Kirumba, Igombe au pembeni mwa Malimbe, wakuonyeshe kiwanja ambacho mawimbi yanasikika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Vuta futi kamba mbele ya mteja. Na ukingo wenyewe hautulii: ziwa lilipanda sana 2020, likapanda tena 2024, na yaliyokuwa mashamba na mabanda yakawa maji. Usikubali maneno kwamba "kibali kitafuata". Mkandarasi aliyejenga bila kibali hana pa kujificha. Fundi asiye na leseni angalau huhamia mtaa mwingine.

Visiwani, jaza gharama ya kivuko na mtumbwi kama gharama halisi, pamoja na siku za ziwa kuchafuka. Saruji inayosafiri kwenda Ukara au Ukerewe inaweza kulowa njiani, na mfuko ulioganda hauna anayekurudishia pesa. Andika kwenye programu yako ya kazi miezi ya mvua za masika. Ukichelewa bila kuomba kuongezewa muda kwa maandishi, fidia ya ucheleweshaji inakatwa kwenye malipo yako kila siku, na Mungu aliyeleta mvua hatakuja kutoa ushahidi.

Jambo la mwisho ni fedha, na hili ndilo linalowaangusha wengi kuliko mlima. Serikali hulipa, ila hulipa kwa kuchelewa. Unajenga, mhandisi anapima, cheti cha malipo kinaandikwa, kinatembea ofisi hadi ofisi, na wewe una vibarua kila Jumamosi. Kabla ya kuomba kazi, jiulize kama unaweza kuilipia mpaka hatua ya kwanza bila kupokea senti. Kama huwezi, omba kazi ndogo zaidi. Malipo ya awali yapo, lakini yanataka dhamana ya benki, na benki inataka nyumba yako. CRB ina mfuko wa kuwasaidia makandarasi wadogo kupata dhamana za zabuni na za malipo ya awali. Uulizie mara tu unaposajiliwa, usingoje hadi zabuni ibaki siku tatu kufungwa. Na usiguse malipo ya awali kununulia gari. Nimeona kampuni zikifa hivyo, gari likiwa bado na nailoni kwenye viti.

Fungua daftari moja la kila mradi: kilichoingia, kilichotoka, risiti za EFD, majina ya vibarua na saini zao. Mhasibu wa kulipwa kwa siku moja kwa mwezi anatosha kwa daraja la saba. Sajili kila mradi Bodi kabla ya kuanza, bandika stika, simamisha bango, na hapo ndipo utaanza kupokea simu za watu wanaotaka "kukodi kampuni": wao wana kazi, hawana leseni, wewe utapewa asilimia kidogo ukae nyumbani. Ni kuazima vyeti kule kule, safari hii wewe ndiye mwenye vyeti. Jengo likipasuka nyufa, jina ni lako. Kata simu.

Kazi ikiisha kuna kipindi cha matazamio, mara nyingi miezi sita hadi kumi na miwili, ambapo sehemu ya pesa yako inazuiwa. Makandarasi wengi wapya huisahau pesa hiyo au huona haya kuidai. Weka tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Wiki mbili kabla ya kipindi kuisha, rudi saiti na fundi mmoja na ndoo ya saruji, ziba nyufa ndogo, kaza bawaba, funga koki inayovuja, kisha mwite mhandisi mkague pamoja. Siku hiyo hiyo andika barua mbili: ya kudai zuio, na ya kuomba cheti cha kukamilisha kazi. Hiyo ya pili piga nakala tatu na uiweke kwenye faili la kupanda daraja la sita.